Paka Wazee wa Nyumba ya Mama

Bagamoyo,
4 Mei 1952

Kaka yangu mpenzi Mwinshehe,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kifua chako kimepoa tangu mvua zianze kupungua huko Dar es Salaam. Sisi huku hatujambo, ila joto la mchana limetulegeza viungo.

Umeniagiza niwatoe paka wazee katika nyumba ya marehemu mama, nikawaache mashambani Makurunge wajitafutie panya, ili nyumba iuzwe ikiwa safi. Kaka, yule paka Sultani ni kipofu. Atamwona panya kwa macho ya nani? Hoja yako naijua, nimepigana nayo katika barua zangu za gazetini: ndiyo ya wenye mashamba ya mkonge wanaomfukuza kibarua akianza kukohoa. Sikuikubali kwao, sitaikubali kutoka kwa mtoto wa mama yangu.

Tangu mama afariki, watu wamezidi kutuletea paka wao wakongwe: mwenye pumu, mwenye maradhi ya figo anayekunywa maji asikate kiu, mwenye miguu iliyokakamaa. Biubwa, aliyekuwa mpishi wa mama, huwachemshia samaki changu bila chumvi na kuwatolea miiba. Mimi huwafuta macho kwa maji vuguvugu na kuwakanda kwa mafuta ya nazi. Hawaponi. Tunawapunguzia maumivu tu. Adhuhuri ikipita, nyumba nzima hupumua pumzi moja, mwanga wa bahari ukitetemeka darini, nami ninayegombana na mji mzima najikuta nanong'ona. Mara nyingine nadhani nasikia mama akivuta tasbihi chumbani, kumbe ni paka anakoroma.

Mnunuzi wako, Bwana Mwinyijuma, alikuja Alhamisi. Aliingia ameziba pua, akauliza kama hii ni nyumba au hospitali ya chui waliofilisika. Nikamwambia akae kwanza, anywe kahawa. Akaketi mkekani, na Sultani, kwa kupapasa, akapanda juu ya upindo wa kanzu yake, akalala. Unatujua watu wa huku: nani atamwamsha paka aliyelala juu ya nguo yake? Alijaribu kuuvuta upindo taratibu. Biubwa akamkemea kwamba mgonjwa amekesha. Akaomba mkasi, akakumbuka kanzu ni ya Idi, akaghairi. Mwisho akaegemea ukuta, usingizi ukamchukua naye, wakakoroma kwa zamu hata alasiri. Alipofumbua macho alikuwa mtu mpole. Alisema amemwota marehemu bibi yake akimkanda miguu.

Sasa nikwambie jambo, ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Tulipogawana mirathi ulichukua vyumba vya mbele, ukaniachia ua na kisima. Alasiri ile nilimwita sheikh wetu, nikaliweka fungu langu wakfu kwa ajili ya wagonjwa hawa, na baada yao kwa mzee yeyote asiye na pa kulala. Haliuzwi tena, wala halirithiwi. Vyumba vyako viuze ukipenda, umwone atakayenunua nyumba isiyo na maji. Shahidi wa kwanza ni jirani yetu Pazi. Wa pili ni Mwinyijuma mwenyewe, aliyetoa ushahidi akiwa ameketi, kwa sababu Sultani alikuwa bado hajaamka.

Kasirika kaka, ni haki yako. Kisha njoo utuone. Biubwa anakuamkia, nami namsalimu wifi sana.

Nduguyo akupendaye hata akikupinga,
Ashatu