Ufagio Ndani ya Mashua

Jumanne, 9 Septemba 1958
Nimeziba nyufa za ile mashua nyeupe kwa pamba na lami. Kazi yangu kwenye klabu ya mashua ndiyo hiyo: Wazungu wanazigonga Jumapili, mimi naziponya katikati ya wiki. Mbao zilizobaki nimezipeleka nyumbani. Monika, mke wangu, kaniambia nizitoe nje. Ana mimba na hataki kuona mbao wala nguo ya mtoto. Mimba mbili zimekwisha kutoka.

Ijumaa, 12 Septemba
Leo kasema kinachomsumbua. Kwao, binti mwenye mimba huenda kufagia kaburi la mama yake na kumpa habari. Hajawahi kufanya hivyo. Kaburi limo ziwani. Walipofunga mto kwa ajili ya umeme wa migodi, kijiji chao kilizama. Watu walihamishwa pamoja na mbuzi wao. Wafu waliachwa. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Jumatatu, 15 Septemba
Mashua niliyotengeneza lazima niijaribu, nami hujaribu Jumatatu, wenyewe wakiwa kazini. Upepo mzuri. Nikapandisha tanga, nikaenda mpaka kile kichuguu kikubwa cha kijiji kilichozama. Kiangazi hiki maji yamepungua, kimetoa kichwa. Kaburi la mama yake Monika liko ubavuni mwake. Mwenye mashua alikuwa ameacha humo maski yake ya kioo na mrija wa kupumulia. Nikavaa, nikajitosa.

Samaki! Tilapia wapana, wananitazama bila haraka. Matawi ya mti mkavu, na samaki wadogo wamejaa humo badala ya ndege. Nilifurahi kama mtoto. Kisha nikaona mawe ya kaburi. Nikafumba macho.

Mama mkwe, buko, haangaliwi. Alipokuwa hai, nikimwona anakuja nilikuwa naacha njia, naingia majanini. Leo nimemkimbia hata chini ya maji. Aibu tupu.

Jumatano, 17 Septemba
Nimemweleza Monika. Kacheka, na siku nyingi sijasikia kicheko chake. "Buko habamuangaliake, hata mu maji?" Halafu kasema: "Mi mwenyewe nitaenda."

Nimekataa. Kuna viboko. Kuna mimba. Na mashua si yetu: nikionekana na mke ndani, kazi imekwisha.

Jumapili, 21 Septemba
Monika hali chakula. Anageuza ugali sahanini tu. Kanisani hakuimba.
Nimeshindwa. Tunakwenda kesho.

Jumatatu, 22 Septemba
Alikuja na ufagio. Nikampisha apande.

Karibu na kichuguu, kiboko kaibuka mbele yetu. Nikashusha tanga. Tukasubiri. Niliogopa vibaya, nilitaka kurudi. Monika kaushika ufagio tu. Mwishowe yule mnyama kaelekea kwenye matete, polepole, kama mwenye nyumba.

Kavaa maski na mrija, kalala ubavuni mwa mashua, kachovya uso. Nilimshika kwa fundo la kitenge, nikageuza uso wangu upande wa pili. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilidhani amezimia. Nikamvuta.

"Kuko safi," kasema. "Samaki banafagia."

Kaniambia yote. Kila tilapia ana uwanja wake wa duara. Anaondoa matope kwa mdomo, anabeba hata kijiwe, anakitema mbali. Wameyazunguka mawe ya mama yake pande zote. Hakuna tope hata kidogo.

Kisha kainama tena, kazungumza na mama yake kwa kilugha chao. Sikusikiliza. Ufagio kauacha uelee.

Jumapili, 19 Oktoba
Mvua tangu asubuhi. Ziwa linapanda. Huko klabuni hakuna aliyeniuliza kitu.

Monika kala vizuri, kaomba tena mboga. Baadaye kasimama mlangoni, anatazama nje. Kaniuliza kama mbao zile zinatosha kitanda cha mtoto.

Nimetoka kwenye mvua, nimezipima. Zinatosha. Nimeziingiza ndani zikauke.