Nyumba ya Mfano Inamgandisha Mama Mkwe Wangu

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba uwe wa haraka, maana huku kwetu Ufipa kipupwe kimeshaanza na mimi nimesimama kati ya mama mkwe wangu na mwanawe wa kumzaa, kila ninakogeuka naonekana mbaya.

Mimi ni mjane. Mume wangu Tadei alipofariki aliniachia mama yake mzazi, jembe na mitungi ya kupikia pombe ya ulezi, na kwa mitungi hiyohiyo nimejijenga mwenyewe, sikupewa hata msumari na mtu. Tulipohamishiwa kijiji kipya cha barabarani, si mbali na Mollo, wenzangu walikaa chini wakalia, mimi nikafyatua matofali. Nasema haya ili usinidhanie kuwa ni mwanamke wa kunung'unika tu, au kwamba naipinga serikali. Maendeleo nayataka, tena niliyakimbilia kabla ya wengi.

Kamati ya nyumba bora ya kijiji chetu mwenyekiti wake ni shemeji yangu Modesti, mdogo wake marehemu. Yeye ndiye aliyetuletea ramani ya nyumba ya kisasa na akatusomea vipimo vyake mkutanoni: paa la bati, madirisha mawili mbele, kila moja futi nne kwa tatu, yote yatazame barabara, chini ya bati pabaki mwanya wa kupitisha hewa, ukuta unene wa tofali moja, na jiko likae nje mbali na nyumba. Aliyeichora simjui, lakini nina hakika alikuwa anatoka jasho alipokuwa akichora. Mimi nilijenga kama ilivyosomwa, sikuacha hata inchi. Nyumba yangu ikawa ya kwanza kumalizika, wakapiga makofi, mawe ya njia ya kuingilia yakapakwa chokaa, ikatangazwa kuwa ndiyo nyumba ya mfano, na mimi nikaingizwa kwenye kamati. Tangu siku hiyo kipimo cha kila nyumba mpya, na cha kila nyumba inayokarabatiwa, ni yangu. Fundi akifika kwa mtu anaulizwa, "Umeshakwenda kupima kwa Dominika?"

Sasa sikiliza jinsi nyumba hiyo inavyolala. Upepo wa kipupwe unatoka upande uleule wa barabara, kwa hiyo unaingia kwa madirisha mawili kama mgeni aliyealikwa, unazunguka, halafu unatokea juu kwenye ule mwanya, na joto lote unaondoka nalo. Alfajiri bati linadondosha maji kama tumelala chini ya mti wenye umande. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa na ukuta mnene wa udongo, paa la nyasi lililoshuka mpaka karibu na ardhi, na mlango wa kuinama, na moto mmoja uleule ulitupikia ugali na kutupasha mpaka asubuhi. Mzigo mmoja wa kuni ulituchukua siku nne. Sasa nina moto wa jikoni unaopasha uwanja na kuku, na moto wa pili ndani wa kuipasha barabara, na mzigo uleule haumalizi siku mbili. Na wewe pengine hujui, Mshauri, kwamba uwanda huu wetu ni majani matupu, miti ya kuni iko kule kwenye miteremko, na tangu tukusanywe pamoja kila mwanamke anachanja palepale. Mtu anatoka jogoo la kwanza na kurudi jua la utosi. Tukiishiwa tunachoma magunzi, na magunzi yanawaka kama karatasi, hayaachi kaa.

Haya yote ningeyavumilia, maana kichwa changu kimezoea mizigo, lakini mama mkwe wangu ni mzee na kifua chake si kizuri. Usiku wa kwanza wa baridi aliniita akaniambia kwa Kifipa, nami nakuandikia kwa Kiswahili, "Mwanangu, umeyaona yale matanuru ya wazee ya kuyeyushia chuma, yaliyosimama kule mashambani?"

Nikasema, "Nimeyaona, mama."

"Baba mkwe wangu alikuwa anayajenga. Chini anaacha matundu, juu anaacha wazi, upepo unapanda wenyewe bila kuvuviwa. Na wewe umejenga hivyohivyo, kazi nzuri kabisa. Ila humu ndani hakuna chuma, mwanangu. Kinachoyeyuka humu ni mimi."

Siku ya pili nilimjengea kibanda nyuma ya nyumba, cha fito na udongo, paa la nyasi, kadogo, na mafiga yake matatu ndani. Akalala humo, kikohozi kikapungua, akaanza hata kutania kuku. Nikajua nimepata dawa. Kumbe nimepata kesi.

Shemeji Modesti alikuja Jumapili baada ya misa. Mama alikuwa ameketi mlangoni pa kibanda chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunitazama mimi au madirisha?"

Akacheka kidogo, halafu akanivuta pembeni. "Shemeji, hiki ni kitu gani? Wageni wa mkoa wanakuja mwezi huu kuitazama nyumba ya mfano, na wewe umeifungia mkia wa nyasi!"

Nikamwambia, "Wageni watapita mchana, shemeji. Mama analala usiku."

"Mwongezee blanketi."

"Anayo matatu."

"Basi awashe moto ndani."

"Kuni za nani? Njoo nikuazime kata yangu ya kubebea mzigo kichwani, uende wewe mteremkoni."

Hapo akakunja uso. "Unataka turudi mapangoni?"

"Sisi hatukutoka pangoni, shemeji, tulitoka kwenye nyumba. Na wewe ulizaliwa humo, na ulikuwa mnene."

Mama alisikia akacheka mpaka akakohoa, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alitoa amri palepale kwamba kibanda kibomolewe kabla ya wageni, gunia nililolitundika dirishani kuzuia upepo liondolewe, na mama arudi ndani ya nyumba bora kama mama wa mwenyekiti anavyostahili. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kibali changu cha kuuza pombe kinahitaji kupitiwa upya, na kwamba yeye hapendi kuona mjane wa kaka yake anapata taabu.

Na majirani nao hawana huruma na mimi. Jirani yangu Beda, ambaye alilazimishwa kupanua madirisha yake yafanane na yangu, ameacha kunisalimia. Mkewe aliniambia njiani tukiwa na mizigo vichwani, "Wewe ndiwe uliyetupimia baridi, tena ukapigiwa makofi." Ramani sikuichora mimi, Mshauri. Mimi nilitii tu, na aliyetii ndiye anayetukanwa, na aliyeamuru, shemeji yangu, analala kwenye nyumba ya zamani ya padri, yenye dari na kuta nene, ambayo haimo kwenye vipimo vya kamati kwa sababu eti ilijengwa zamani.

Mama mwenyewe ananiambia nisigombane na mwanawe. Anasema atarudi ndani, apumzike huko, hata kama ni moja kwa moja. Neno hilo la moja kwa moja limeninyima usingizi. Nikibomoa kibanda namuua mama, nisipobomoa napoteza kibali, nafasi kwenye kamati na jina la nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Nifanye nini? Na je, kweli ni mimi niliyekosa?

Wako katika shida,
Dominika, Sumbawanga


MSHAURI ANAJIBU

Dada Dominika,

Pole. Mimi ni mtu wa joto lakini nimewahi kufanya kazi Njombe, na baridi ya bati alfajiri naijua kwa mifupa yangu. Pole ya pili ni ya kuni. Pole zangu zinaishia hapo, kwa sababu una kazi ya kufanya.

Unaniuliza kama umekosa. Nimeisoma barua yako mara mbili. Umenihesabia mizigo ya kuni, upana wa madirisha, mpaka mablanketi. Lakini hukuniambia leo mama analala wapi. Kwenye kibanda au ndani? Dirisha lina gunia au limeshavuliwa? Mtu anayehesabu vizuri hivyo hasahau jambo kama hilo isipokuwa hataki kuulizwa. Nina hofu umeshaanza kutii huku unasubiri jibu langu. Kumtii Modesti wakati wa kujenga halikuwa kosa, hakuna aliyejua. Sasa unajua. Anayejua na bado akatii, huyo amekosa.

Na usiniwekee kibali cha pombe kwenye mzani mmoja na kifua cha mama yako. Kibali kikinyang'anywa utakiombea rufaa wilayani. Mama hana rufaa.

Basi fanya hivi. Kwanza, kibanda kisiguswe. Modesti akija na panga, mwambie kwa adabu akamtoe mama yake mwenyewe, kwa mikono yake, mbele ya watu. Sidhani atathubutu, na akithubutu kijiji kitakuwa kimeona.

Pili, nyumba usiichukie, ni nzuri, ila haijamalizika. Funga dari ya matete chini ya bati na uikandike udongo. Joto linatoroka juu kabla ya kutoroka dirishani. Mwanya uzibe upande wa upepo, bakiza kidogo upande wa pili. Madirisha yatiwe mbao za kufunga usiku. Mchana zifunguliwe, wageni wayaone hayo madirisha yao mpaka washibe. Jiko lihamishe liegemee ukuta wa nje wa chumba cha kulala, kwa ndani ya ukuta huo weka kitanda cha mama. Moto mmoja utarudia kazi zake mbili. Lakini nakuonya: ukishaziba nyumba, usimfungie mama ndani na jiko la mkaa. Mkaa unaua bila kumwamsha mtu.

Tatu, wewe ni mjumbe wa kamati, na kiti hicho hukupewa cha kupigia makofi. Simama mkutanoni. Usiseme ramani ni mbaya, utaitwa mpinzani. Sema kipimo kimesahau kitu kimoja: kinauliza nyumba inaonekanaje, hakiulizi inalalaje. Waambie hesabu ya kuni, nyumba ya zamani na mpya, na umsimamishe mke wa Beda ashuhudie, maana ana hasira na hasira yake ni ya haki. Mwombe radhi kwanza, nyumbani kwake, kabla ya mkutano. Hata kama hukuichora ramani, makofi uliyapokea.

Kisha toa hoja moja tu: nyumba isiitwe ya mfano mpaka mwenyekiti wa kamati awe amelala humo usiku mmoja wa kipupwe, bila gunia dirishani, kwa blanketi tatu kama za mama yake. Akiamka salama, wote wajenge hivyo. Huo ni utaratibu wa haki na hauna matusi ndani yake. Nawe shemeji Modesti, ikiwa gazeti hili linafika kwako, na nadhani linafika: uliambiwa na mama yako mlangoni, ukacheka. Aliyekuuliza kama umekuja kumtazama alikuwa anakuomba umtazame.

Dada Dominika, neno la mwisho. Muhuri wa posta kwenye bahasha yako unaonyesha barua ilikaa njiani majuma matatu, na gazeti hili nalo litachukua muda wake kupanda mpaka Sumbawanga. Majuma yote hayo upepo haukuwa unasubiri posta. Sijui utakapoyasoma haya kikohozi cha mama kimefikia wapi, na sitaki kubuni. Kama umeshamrudisha ndani na bado anakohoa, usilikunje gazeti hili ulihifadhi, na wala usimpelekee Modesti alisome kabla ya wewe kufanya kazi. Panda juu ya kiti, likunje mara nne, uzibe nalo ule mwanya chini ya bati, upande wa barabara, juu ya kitanda chake. Ni karatasi tu, lakini usiku wa leo itafanya kazi kuliko maneno yangu yote yaliyoandikwa juu yake.