Ile bouton nyekundu

Mususa, Butembo, Machi 2002

Yaya Kavugho,

Huku tuko wazima, maharagi imeiva. Ulinishukuru juu ya samaki nilikuletea ku hospitali ya Beni. Usinishukuru, yaya.

Siku ile ulipiga simu kuuliza kama njia ya kutoka Beni iko salama. Nilikuwa najua kama banapiga masasi ya bunduki mu njia. Lakini telefone yangu ilikuwa mupya, na bamama ba soko balikuwa bananiangalia. Nilitaka kukuitikia, nikafinya bouton nyekundu, kumbe ni kitufe ya kukata, simu ikakatika. Niliona haya kuuliza mutu namna ya kukupigia tena, nikajifanya ninaongea: "Allô yaya, baki kwanza Beni, usitoke!" Bote bakanisifu. Na wewe ukapanda gari.

Nilikudanganya kama ilikuwa réseau, mutandao ilikosa. Mukono yako ulipoteza juu ya kiburi yangu.

Mudogo wako,
Séphora