Bado Inameza

Alhamisi, 11 Mei
Paketi ya wiki imefika — tamthilia za Kituruki, filamu, mpira, kila kitu. Foleni ya kunakili kwangu mpaka barazani. Kila mtu na diski yake mkononi, kila mtu ana haraka. Mji wote wa Camagüey una haraka ya kwenda kukaa!

Yoandris, mtoto wa jirani yangu Zoraida, kaja na diski mbili. Jumapili anaondoka nchini, Managua kwanza, na baada ya hapo Mungu ndiye ajuaye. Kompyuta ya kwao ilishakufa, imebaki diski yake tu, na ndani yake ile video ya marehemu baba yake, Eugenio: anacheza domino, anawatukana wenzake, mwishoni anamwimbia Zoraida. Nakala nyingine hakuna.

Akainakili kwenye diski yake mpya. Mstari wa kunakili kwenye skrini ukajaa. Akaifungua hapohapo — Eugenio huyo, anacheka! Akaifuta kwenye diski ya zamani ili mama yake apate nafasi ya tamthilia. Nikamwambia subiri, hiyo mpya usiichomoe bado.

“Si imekwisha, shangazi? Umeiona mwenyewe!”

Akachomoa. Nimeanza tu kumwaga paketi kwenye ile ya zamani — giza! Umeme umekatika kabla ya saa waliyotangaza. Nimetukana mpaka nikamwomba radhi Bikira pale ukutani.

Ijumaa, 12 Mei
Zoraida kaingia asubuhi na rola zake kichwani. Wameichomeka diski mpya kwenye simu: video inafunguka, Eugenio ananyanyua kete, basi. Miraba ya kijani. Wimbo hakuna. Akaniwekea diski mkononi.

“Idalmis, wamemnyamazisha mume wangu.”

Yoandris nyuma yake anaapa kwamba ilicheza. Ilicheza, ndiyo! Nikamweleza: mashine hii ukiipa kitu inakitia kinywani, inasema nimekula, halafu inameza polepole. Ulichokiona kilikuwa bado kinywani mwa mashine. Kwenye diski hakijafika. Wewe ukachomoa.

“Kama wewe utotoni na wali wangu,” Zoraida akamwambia mwanawe. Angalau ametania.

Nikauliza ile ya zamani iko wapi. Kwenye kikapu cha soko! Zoraida alikuwa anaipeleka kwa rafiki yake Mileidys amwekee tamthilia, kwa sababu kwao umeme upo. Nilimpokonya kikapu na vitunguu vyake. Kufuta hakuondoi video, kunaondoa jina lake mlangoni tu. Mwenyewe yumo ndani mpaka mwingine ahamie. Na paketi ya jana? Hata kile kidogo nilichomwaga huenda kilikuwa kinywani bado, umeme ukakatika kabla hakijamezwa. Uongo uleule wa mashine uliomponza Yoandris labda ndio umetuokoa. Labda! Umeme hautarudi mpaka usiku. Siwezi kula.

Jumamosi, 13 Mei
YUPO! Eugenio yupo!

Mashine imeichimba ile diski ya zamani tangu alfajiri. Nimemtoa mzima, nikamhifadhi kwenye diski yangu. Wimbo wote upo, na sauti yake ileile mbovu. Zoraida kalia, kacheka, akanishika mashavu akaniita mchawi. Mimi nimekwenda uani kulia peke yangu, nyuma ya mtungi. Nilikuwa nimeogopa sana, jamani.

Wateja sikuwafungulia siku nzima. Wamekwenda kwa Osniel, mnakili mwenzangu, kwake mstari unakimbia. Waende tu. Nimenywa kahawa yetu ya kuchanganywa na njegere na leo ni tamu kuliko zote. Na nani angeamini, nimeibariki kampuni ya umeme kwa sauti, Zoraida shahidi!

Jumapili, 14 Mei
Siku ya Mama. Zoraida kaleta keki, krimu ya buluu, mwenye kusafiri kaja na begi lake. Umeme haukuwepo tangu asubuhi, umerudi sasa hivi. Namnakili Eugenio kwenye diski ndogo ya Yoandris ya kusafiri nayo. Naandika macho yakiwa kwenye taa yake.

Mstari umejaa. Taa bado inapepesa, haijamaliza.

Dereva anapiga honi. Safari ya kwenda Havana kupanda ndege ni ndefu. Jirani anapaza sauti kutoka barazani: ng'ambo ya barabara wameshakata umeme! Yoandris kasimama, begi begani, mikono kaisokomeza mfukoni mwenyewe. Ananiangalia.

Honi tena. Zoraida kafungua dirisha — huyu ambaye hata kahawa hawezi kuisubiri ichemke — “Tulia wewe! Bado inameza!”

Halafu akavuta kiti. “Kaa, mwanangu. Umemsikia shangazi yako. Haina haraka.”

Amekaa. Mama anamkatia kipande cha pili cha keki, kikubwa kuliko cha kwanza. Mimi naiangalia taa. Inapepesa. Zoraida haiangalii hata kidogo.

Taa imetulia. Nimefungua mdomo niseme imekwisha —

Zoraida kanikanyaga mguu chini ya meza.