Kimashine cha Shangazi

Jumamosi, jioni

Leo nimeaibika, mimi niliyejiita fundi wa Sumbawanga nzima! Shangazi alinunua kimashine cha mtumba cha kuoshea vyombo, kidogo kama ndoo, kinachoenea kwenye jiko letu dogo. Waya wake ulikuwa umekatika, nikauunga na kuufunga kwa mfuko wa nailoni. Kikazunguka. Nilitamba, we!

Mchana maji yakavuja, nikakigusa, shoti ikanitupa chini. Sikumwambia shangazi. Sifa tamu, bwana.

Jioni hii shangazi akaita kutoka jikoni, "Fundi wangu, nawasha!" Nikachungulia: mikono yake imelowa. Nilipiga kelele kama mtoto, nikachomoa waya ukutani, nikamwambia yote. Nilidhani atanitukana.

Akakaa kwenye kigoda. Kisha akasema, "Kesho ungenizika, we mtoto."

Kweli ningemzika, na ningelia kuliko wote huku nikijua ni waya wangu uliomuua.