Nimeficha Kazi ya Mjukuu Wangu kwenye Kopo la Maharage

Mpendwa mshauri Yordana, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana nina miaka sabini na mmoja na wiki hii nimekuwa mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mimi ni Veneta, naishi hapa mjini Lovech na mjukuu wangu Ralitsa, ana miaka kumi na saba, mama yake yuko Hispania anahudumia wazee wa watu, kwa hiyo ni sisi wawili na redio. Mwezi Machi Ralitsa alirudi kutoka shuleni akasema wamepewa kazi ya kutengeneza mchezo wa kusikiliza, dakika kumi na mbili, wenye msimuliaji na milio yake yote, na kwamba yeye anataka kisa changu cha lile basi lililokwama kwenye theluji mlimani, mwanamke akajifungulia humo humo na dereva akamfunika mtoto kwa koti lake, nami nilikuwemo, msichana wa miaka ishirini na mitatu. Akaniambia, "Bibi, wewe ndiye utakayesimulia." Mshauri, mimi nilitangaza safari kwenye stendi ya mabasi miaka thelathini na mmoja, watu walinijua kwa sauti kabla ya sura, na tangu nistaafu hakuna aliyeniomba nitoe sauti isipokuwa daktari, naye alitaka niseme "aaa" tu.

Tukajifungia stoo katikati ya makoti na mablanketi ili mwangwi usituharibie, nikasimulia, na milio nikaitengeneza kwa mikono yangu hii: hatua kwenye theluji ni mfuko wa wanga wa viazi ninaoufinya, mlango wa basi ni chupa ya maji ya gesi ikifunguliwa, upepo ni skafu ya hariri ninayoiburuta juu ya mgongo wa kiti, na kile kichanga, Mungu anisamehe, ni paka wa jirani yangu Tsonka aliyenyimwa soseji. Nilicheka hadi Ralitsa akanifokea, "Bibi, nyamaza, unaniharibia dhoruba!"

Basi nikawaalika watu, muuza mkate, Tsonka, hata padri, waje Ijumaa kwenye ukumbi wa shule, kazi hizo zitakapochezwa, kunisikia. Jumapili Ralitsa alipokwenda kuoga nikachomeka flashi yake kwenye kompyuta, nikavaa hedifoni, nikasikia kisauti cha kisichana, kitamu kama jemu ya waridi, kikisema maneno yangu, yangu neno kwa neno! Ni Desislava wa darasani kwake. Mimi nimebaki wanga na chupa. Sikusubiri mwisho, nikaichomoa ile flashi nikaitumbukiza kwenye kopo la maharage makavu, na Ralitsa alipotoka na taulo kichwani nikamwuliza kama atakunywa supu.

Siku ya pili hii anaitafuta. Kompyuta yake ilijaa, akafuta kila kitu, kazi yote imo kwenye flashi hiyo. Jana alipekua hadi ndani ya viatu, akakaa sakafuni akalia, akasema, "Bibi, nisaidie kutafuta," nami, mshauri, nikapiga magoti nikatafuta naye chini ya kitanda. Nikiirudisha ataniona mwizi, na Ijumaa nitaaibika mbele ya wote niliowaalika. Nisipoirudisha, mtoto atafeli. Nifanye nini?

Veneta, Lovech

YORDANA ANAJIBU

Dada yangu Veneta, kwa paka nilicheka. Nilipofika pale ulipopiga magoti, nikaacha.

Umeumia, na sikulaumu kwa kuumia. Kuombwa sauti yako, kisha kuondolewa kimyakimya kana kwamba hukuwepo, ni jambo linalochoma. Lakini kumtazama mtoto analia huku dawa ya kilio chake umeiweka jikoni kwenye kopo? Hapana, dada. Hapo ulivuka mpaka, na unajua, ndiyo maana umeniandikia.

Unaogopa aibu ya Ijumaa. Muuza mkate atakuwa amesahau kufikia Jumatatu. Ralitsa hatasahau akiwa na miaka hamsini.

Na jambo jingine: umemhukumu bila kumwuliza. Labda ni mwalimu aliyeamua, labda ni masharti, labda ni utoto tu. Wewe wa stendi unajua vizuri kuliko mimi: asiyeuliza hupanda basi silo.

Sasa fanya hivi. Usimalizie hata kahawa yako. Mwite mtoto, mwaga maharage mezani akiona. Usithubutu kusema "nimeipata"! Sema, "Niliichukua mimi, kwa sababu niliumia." Halafu funga mdomo, akukaripie mpaka amalize. Akimaliza mwulize kwa nini, mara moja, bila kumlilia. Wale uliowaalika waambie mwenyewe, leo hii, kwamba msimuliaji ni mwingine. Na Ijumaa vaa gauni lako zuri, uende.

Nawe Ralitsa, kama unasoma begani kwa bibi yako: kazi ya miezi miwili haihifadhiwi mahali pamoja tu. Nakili mara tatu. Na bibi huambiwa uso kwa uso.

Jibu hilo nilimtumia siku ile ile. Sasa Veneta ameniandikia tena, nami naichapa barua yake kama ilivyo:

Mshauri, niliyamwaga. Ralitsa akaitazama flashi, akanitazama, akasema, "Bibi! Si tulitafuta wote chini ya kitanda!" Akaingia chumbani akafunga mlango, nami nikazunguka kwa Tsonka, kwa muuza mkate na kwa padri kusema ukweli, na hakuna aliyenicheka isipokuwa padri. Jioni mtoto akatoka macho mekundu. Akasema masharti ni kwamba sauti zote ziwe za wanafunzi, mwalimu aliwaambia tangu Aprili, naye akashindwa kuniambia kwa sababu kila asubuhi nilikuwa nakunywa yai bichi kulainisha koo. "Ningekuambiaje, na wewe unameza mayai kwa ajili yangu?" Nikamwambia, mayai nimezoea, kufichwa ndiko sikuzoea. Akasema, "Hata mimi." Nikamkumbatia.

Ijumaa tulikaa safu ya tatu. Desislava anasimulia vizuri, nakiri, ingawa kwenye nukta anakimbia. Dhoruba ilipoanza, mzee mmoja mbele yetu, simjui hata jina, akainua kola ya koti lake, akafunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni. Nje ilikuwa Mei, watu wanatembea mikono wazi. Nikampiga Ralitsa kiwiko nimwonyeshe.

"Nimemwona, Bibi," akaninong'oneza. "Huyo umemgandisha wewe."