Tumefika Ivuna na Chanjo Bado Baridi

Mama, shikamoo. Najua tangu siku ile tulipopotea na chanjo za ng'ombe zikaharibika kwa joto, huachi kunitaja katika sala zako. Safari hii pumua.

Tunduma tuliingia duka la kompyuta zilizotumika, mimi na dereva wetu Sichone. Mpya ziko juu ya uwezo wetu. Nikachagua laptop nzito ya zamani, inayochajiwa garini, na kipokezi cha GPS kidogo kama kipande cha sabuni. Muuzaji, mama wa Kizambia, akaniambia, "Usinunue kwa maneno, dada. Kijaribu nje kwanza." Tukakiweka juu ya boneti kwenye manyunyu, mimi nikakaa ndani na laptop. Ilichelewa kuonyesha tulipo, mama, nikaanza kukata tamaa. Mara nukta ikatokea kwenye ramani, palepale tulipokuwa. Nilipiga vigelegele, madereva wa malori wakageuka!

Leo huku bondeni tumekuta mvua imekula barabara kando ya mto. Sichone akasema, "Tugeuze." Nikamwonyesha njia ya zamani kwenye ramani. "Tujaribu hii, kaka." Tukapenya vichakani taratibu, nukta ikisogea nasi, mpaka tukasikia kengele za ng'ombe.

Chanjo zimefika salama. Mwenyeji wetu, mfugaji wa hapa Ivuna, ametukaribisha kwa ugali na maziwa mgando, akasema, "Wengine huishia mtoni. Ninyi tutawaita hata mwakani."

Jikinge vizuri na baridi ya Ileje, mama yangu. Nakupenda.

Mwanao, Tusekile